Ukialikwa Harusi au Upadrisho Nje ya Kanisa Lako: Mwongozo kwa Mtakatifu wa Siku za Mwisho

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo majirani zetu wengi bado wanaliita la Wamormoni ingawa Russell M. Nelson, aliyekuwa Rais wake, alihimiza mwaka 2018 litajwe kwa jina lake kamili, liliandikishwa Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo wengi wetu huku ni waumini wa kizazi cha kwanza au cha pili, na wazazi, mashangazi, wajomba na binamu zetu ni Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste au Waislamu. Kadi ya mwaliko inayotusumbua kichwa haitoki kwa mtu baki. Inatoka kwa mama mdogo aliyekulea, au kwa kaka yako wa tumbo moja anayepewa daraja ya upadre baada ya miaka mingi ya seminari.

Mimi nimezaliwa katika ukoo wa Kilimanjaro wenye Walutheri upande mmoja na Wakatoliki upande wa pili, nikabatizwa katika Kanisa hili nikiwa mtu mzima. Haya ninayoyaandika nimejifunza kwa kukosea zaidi ya kwa kufundishwa, na pale ninapotoa maoni yangu binafsi nitasema kwamba ni maoni yangu.

Hatua ya kwanza: pima tendo, usipime jengo

Waumini wapya huuliza kama inaruhusiwa kuingia katika kanisa la wengine. Swali hilo halina uzito, kwa sababu hakuna anayekuzuia kuingia, na Makala ya Imani, yaani muhtasari wa imani yetu, ambayo mwanzilishi wetu Joseph Smith aliyaandika mwaka 1842, yanadai haki ya kuabudu kwa dhamiri na papo hapo yanawaachia watu wote haki hiyo hiyo. Swali lenye uzito ni tendo gani utakaloombwa kulitenda ukishaingia, na tendo hilo linasema nini.

Kuna matendo ya kuwapo tu: kukaa, kusimama wengine wanaposimama, kusikiliza mahubiri, kupiga makofi, kuimba wimbo unaouamini. Kuna matendo ya heshima: kumwita askofu wa Kikatoliki “Baba Askofu”, kuvua kofia, kutoa sadaka, kuvaa kitenge cha ukoo. Na kuna matendo ya agano, ambayo mtu akiyatenda anakiri mbele ya Mungu na watu kwamba yeye ni wa mwili ule: kupokea komunyo au meza ya Bwana, kuweka mikono juu ya anayewekwa wakfu, kuahidi kulea watoto katika imani fulani. Makundi mawili ya kwanza yatende kwa moyo mkunjufu. La tatu liache, na uliache bila kununa. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kutambua tendo liko kundi gani, maana mara nyingine halijulikani mpaka liwe limekufikia.

Hatua ya pili: sema mapema, tena kwa mtu anayefaa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Katika harusi ya binamu yangu nilipangwa kuwa msimamizi, nikadhani mambo yatajipanga yenyewe, na wakati wa komunyo nikabaki nimekaa peke yangu kwenye kiti cha mbele, kamera ya video ikinimulika, huku mama wa bwana harusi akinigeukia mara tatu. Baadaye alidhani nina dhambi niliyoshindwa kuiungama. Angeambiwa wiki mbili kabla, asingefikiria lolote.

Kwa hiyo, mara tu kamati ya harusi inapoundwa, au mara tu tarehe ya upadrisho inapotangazwa, mtafute mtu mmoja ambaye neno lake linasikilizwa katika familia. Mara nyingi huyo ni shangazi au mjomba, wala si mwenyekiti wa kamati, kwa kuwa mwenyekiti ana mambo ya hema na vipaza sauti. Usimweleze mafundisho, mweleze ratiba. Maneno kama haya yanatosha: “Shangazi, nitakuja, na nitakuwa nanyi mpaka mwisho. Wakati wa komunyo nitabaki kwenye benchi, na pombe na chai sinywi, kama unavyojua. Naomba umwambie mama mapema ili siku ile asishtuke.” Shangazi akishalibeba jambo, limekwisha.

Katika mazungumzo hayo hayo yamalize mambo matatu madogo yanayogeuka makubwa yakiachwa.

La kwanza ni mchango. Fedha za kamati huingia chungu kimoja, na katika chungu hicho hutoka pia kreti za bia. Wapo ndugu wanaokataa kuchanga kwa sababu hiyo, na mimi naona wanakosea, kwa kuwa kijijini asiyechanga anahesabiwa kuwa amejitenga, na sababu yake haitasikilizwa. Omba kugharimia kitu kinachoonekana: keki, usafiri wa wazee, mapambo ya kanisa, mchele. Mweka hazina atafurahi, kwa sababu kitu kilicholipiwa chote ni bora kuliko ahadi kwenye kundi la WhatsApp.

La pili ni sare. Muumini aliyepokea endaumenti, ibada ya maagano ifanyikayo hekaluni, huvaa vazi la hekaluni ndani ya nguo zake, na gauni la wasindikizaji lisilo na mabega litamtia taabuni asubuhi ya harusi. Chukua kitambaa chako mapema, umpelekee fundi wako mwenyewe, aongeze mikono. Kwenye upadrisho shida hii ni ndogo, maana kitenge chenye picha ya padre mpya hushonwa kila mtu kwa mshono wake. Kinunue na ukivae, kwani ni nguo ya ukoo.

La tatu ni Jumapili. Harusi za Jumamosi huvuka usiku wa manane, na misa ya kwanza ya padre mpya huwa Jumapili, mara nyingi kijijini kwao, mbali na tawi, yaani kusanyiko dogo, lolote letu. Mjulishe askofu wako au rais wa tawi kwamba hutakuwapo, hasa kama una wito wa kufundisha siku hiyo. Ikiwa ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku yetu ya mfungo, funga Jumapili nyingine. Mama aliyechinja mbuzi kwa ajili ya mwanawe hapaswi kuona sahani yako ikiwa tupu siku hiyo. Kama kuna tawi karibu, mikutano yetu ni ya saa mbili tangu Januari 2019, na unaweza kuhudhuria kwanza kisha ukawahi sherehe.

Hatua ya tatu: jihadhari na majina yanayofanana

Hapa ndipo ndugu zetu wanapotucheka, na wana haki. Kwetu shemasi ni mvulana ambaye anaweza kutawazwa tangu Januari ya mwaka anaotimiza miaka 12. Kwa Wakatoliki na Waanglikana shemasi ni mtu mzima aliyesomea, na wengi wao wako hatua moja kabla ya upadre au ukasisi. Kwetu kuhani anaweza kuwa kijana wa miaka 16. Kwetu mmisionari wa kiume wa miaka 18 huitwa Mzee, wakati katika kanisa la Kilutheri au la Kipresbiteri mzee wa kanisa ni mtu aliyechaguliwa na usharika, mara nyingi mwenye wajukuu. Askofu wetu ni mwalimu, dereva au mfanyabiashara anayeongoza kata moja, yaani usharika mmoja, bila mshahara. Askofu wao anaongoza jimbo zima au dayosisi.

Matokeo yake ni kwamba ukijitambulisha mezani, “Mimi pia ni kuhani,” mbele ya mtu aliyetoka kupewa upadre mchana ule baada ya miaka ya falsafa na teolojia, utaonekana unafanya mzaha. Jitambulishe kwa undugu: “Mimi ni mtoto wa dada yake.” Ukiulizwa cheo chako kanisani, eleza kwa sentensi moja kwamba kwetu kazi hizo hufanywa na waumini wa kawaida kwa zamu, kisha ugeuze mazungumzo.

Kuna swali moja ambalo siku za upadrisho huulizwa kuliko siku nyingine, na linastahili jibu lililonyooka: je, ni kweli kanisa lenu liliwanyima watu weusi ukuhani? Ni kweli. Tangu katikati ya karne ya 19 wanaume wenye asili ya Kiafrika hawakutawazwa katika ukuhani mpaka Juni 1978, ulipotangazwa ufunuo uliowafungulia wanaume wote wanaostahili. Ukijaribu kulizungushazungusha jibu hilo, mjomba aliyelisoma mahali atakushika palepale.

Hatua ya nne: ndani ya kanisa siku ya ndoa

Ndoa ya Kikatoliki inaweza kufungwa ndani ya misa au bila misa, na pale ambapo mmoja wa maarusi si Mkatoliki, mara nyingi hufungwa bila misa. Uliza mapema ni ipi, kwa kuwa pasipo misa hakuna komunyo, na nusu ya wasiwasi wako inaondoka.

Kusimama, kukaa na kupiga magoti: fuata wengine kadiri dhamiri inavyokuruhusu. Kupiga magoti si kugeni kwetu, maana hata katika ibada ya kuunganishwa hekaluni, yaani kufungwa ndoa kwa milele, bwana na bibi harusi hupiga magoti kwenye madhabahu, wakitazamana. Ishara ya msalaba hatufanyi, na hakuna atakayekuuliza kwa nini hukufanya. Maji ya baraka mlangoni yapite tu. Sala ya Baba Yetu isali kwa sauti.

Wakati wa komunyo, keti au simama upande mmoja wa benchi uwapishe wanaokwenda. Usitoke nje kwa kisingizio cha simu. Sheria ya Kanisa Katoliki kwa kawaida hairuhusu asiye Mkatoliki kukomunika, hivyo kwa kubaki umewaheshimu wao kabla hujaheshimu agano lako mwenyewe. Ugumu unakuja kwa Waanglikana na baadhi ya Waprotestanti, ambako kiongozi husema kwamba kila aliyebatizwa anakaribishwa mezani, na mwenyeji wako anakuvuta mkono kwa upendo kabisa. Kwetu sakramenti, mkate na maji, ni kufanya upya agano la ubatizo tuliobatizwa. Mkate wa meza nyingine unasema habari ya agano jingine. Nafikiri jibu sahihi ni kumwambia, “Asante, nenda, nakusubiri hapa,” na kumshikia mtoto wake.

Ukiombwa kusoma somo la Biblia, kwa upande wetu hakuna kizuizi. Kwa upande wa Wakatoliki, msomaji ndani ya misa kwa kawaida huwa Mkatoliki, basi mwambie paroko mapema wewe ni nani, asije akajua akiwa mimbarini. Kuwa shahidi wa kutia sahihi cheti ni jambo la kisheria, na mtu wa imani yoyote anaweza kulifanya. Kuwa msimamizi ni jambo jingine, kwa kuwa katika parokia nyingi msimamizi anatazamwa kama mlezi wa ndoa ile kiimani, na paroko anaweza kudai awe Mkatoliki aliyefunga ndoa kanisani. Akikukataa, usilichukulie kuwa dharau. Hata sisi hatumruhusu kila mtu asimame kuwa shahidi hekaluni.

Sadaka toa. Ila usiihesabu kuwa sehemu ya zaka yako.

Hatua ya tano: upadrisho

Misa ya upadrisho ni ndefu, mara nyingi inakula saa tatu au zaidi chini ya mahema, na Mtakatifu wa Siku za Mwisho aliyezoea mtu kutawazwa kwa dakika mbili katika chumba cha darasa atapotea asipojua mpangilio wake.

Kwanza mteule huitwa kwa jina, naye huitika kwamba yupo. Askofu huuliza kama anastahili, na mlezi wake hujibu kwa niaba ya waliomlea, kisha watu hupiga makofi na vigelegele. Piga nawe, hapo unashuhudia tu kwamba unamfahamu kijana huyu. Baada ya mahubiri huja ahadi zake mbele ya askofu, akiwa ameweka viganja vyake ndani ya viganja vya askofu. Nyamaza usikilize, maana maneno yale ni mazito na ndugu yako anapewa daraja hii mara moja tu maishani.

Kisha mteule analala kifudifudi sakafuni, na kwaya inaanza Litania ya Watakatifu. Watu hupiga magoti, isipokuwa siku za Jumapili na kipindi cha Pasaka wanaposimama. Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa sababu jibu linalorudiwa ni “utuombee”, nasi hatuwaombi watakatifu waliokufa. Piga magoti au simama kama wengine, inamisha kichwa, usiitikie. Mwombee aliyelala sakafuni kwa Baba wa Mbinguni katika jina la Yesu Kristo, kimyakimya. Litania ni ndefu ya kutosha kwa sala ndefu. Mara ya kwanza kuishuhudia niliona vumbi la zulia limeshika kwenye paji la uso wa kaka yangu alipoinuka, na hakuna aliyethubutu kumfuta.

Baadaye askofu anaweka mikono juu ya kichwa chake bila kusema neno. Kwetu kuwekea mikono huendana na maneno, mtu akitajwa jina lake kamili, hivyo ukimya huu unaweza kukushangaza. Mapadre wote waliopo hufuata mmoja mmoja, kila mmoja akiweka mikono kimya, ndipo askofu husali sala ya kuweka wakfu. Hatimaye anavikwa stola na kasula, viganja vyake vinapakwa mafuta ya krisma, anakabidhiwa mkate na divai, na anapewa busu la amani. Katika parokia nyingi wazazi hushiriki kumsindikiza au kuleta mavazi yake. Kama wewe ndiye mzazi, peleka mavazi. Kubeba kasula ya mwanao hakukufanyi kuwa Mkatoliki, na kukataa kutamfanya mwanao akumbuke kukataa kuliko siku yenyewe.

Misa inapokwisha, au kesho yake kwenye misa ya kwanza, padre mpya hutoa baraka zake za kwanza, na watu hupanga mstari, wazazi mbele, wakipiga magoti mmoja baada ya mwingine huku akiwawekea mikono kichwani. Waumini wenzangu wamegawanyika katika hili, nami natoa maoni yangu. Katika mafundisho ya Kikatoliki baraka hiyo si sakramenti. Imo katika kundi la visakramenti, yaani ni sala ya Kanisa inayoombwa juu ya mtu. Haikufungi kwa agano lolote. Nilipofika mbele ya kaka yangu nilipiga magoti, akaniwekea mikono yenye harufu ya krisma, akasali, nami nikasema amina. Ndugu yangu mwingine wa kata yetu alikuwa na hali kama hiyo akaamua kumkumbatia padre badala ya kupiga magoti, na hilo nalo lilipokewa vizuri. Lisilofaa ni kupotea nyuma ya mahema mstari unapoanza.

Hatua ya sita: wachungaji na makasisi

Kwa Walutheri wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) ibada hii huitwa kubarikiwa, na Waanglikana husema kuwekewa mikono. Wanaoweka mikono ni askofu na wachungaji waliobarikiwa, kwa hiyo hakuna atakayekuita mbele, na ratiba iko wazi kwenye karatasi. Jambo moja tu: KKKT inabariki wanawake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sisi hatuwatawazi wanawake katika ukuhani. Dada yako akibarikiwa kuwa mchungaji, nenda, vaa vizuri, mpeleke zawadi ya joho au kiti, na umwite Mchungaji kuanzia siku hiyo. Mjadala wa ukuhani hauna mahali pake siku ile, na wala hakuna aliyekuomba kura.

Kwa Wapentekoste tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mambo hutangazwa papo hapo. Mhubiri anaweza kusema watumishi wote wa Mungu waliomo wapite mbele kuweka mikono, na jirani yako akakunyooshea kidole kwa kuwa amesikia wewe ni askofu kanisani kwenu. Baki ulipo. Kwetu utawazo unafanywa na mwenye mamlaka aliyepewa na kiongozi anayehusika, na sisi tusingemruhusu mchungaji mgeni kuingia katika mduara wetu wa wanaoweka mikono; haifai basi tuingie katika wao. Ukiulizwa, sema kwa unyenyekevu kwamba umekuja kama ndugu. Akisema watu wote wanyooshe mikono kutoka walipo, inamisha kichwa uombe. Ukialikwa kupakwa mafuta au kuombewa, una hiari ya kushukuru na kubaki umekaa.

Hatua ya saba: mezani na ukumbini

Pombe haitusumbui sana, maana Walokole na Waislamu wametutangulia na kila mhudumu wa ukumbi anajua wapo wasiokunywa. Wakati wa shampeni simama na glasi ya juisi, gonganisha, shangilia. Keki ya matunda wakati mwingine hulowekwa kwenye pombe, basi muulize mwokaji. Ndafu, yule mbuzi mzima aliyebanikwa ambaye Wachaga humleta ukumbini kwa nderemo kama keki yao, kula mpaka utosheke.

Kinachotusumbua ni chai. Neno la Hekima, ufunuo wa mwaka 1833, linakataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, ambavyo maana yake ni chai na kahawa, na hakuna nyumba ya Kiafrika Mashariki inayompokea mgeni bila chai. Mtu akikataa bia wanasema ameokoka. Akikataa chai wanasema ana neno moyoni na wenye nyumba. Usiseme tu “sinywi”. Omba kitu: maziwa ya moto, kakao, uji, au maji ya moto yenye tangawizi. Mchaichai unaruhusiwa, kwa kuwa ni nyasi na hauna jani la chai hata moja, ila angalia, wapishi wengi huuchemsha pamoja na majani ya chai. Mama yangu mdogo sasa hutenga birika dogo lenye mchaichai mtupu, ambalo watoto wameliita birika la Kimormoni.

Katika shughuli za mahari jambo ni gumu zaidi, kwa sababu kinywaji ni sehemu ya tendo. Uchagani mbege ya ndizi na ulezi hupitishwa katika kata ya kunywea, na mzee anayekupa hagawi kinywaji tu, anagawa undugu. Ipokee kwa mikono miwili, shukuru, kisha umkabidhi mjomba aliye karibu yako anywe kwa niaba yako. Mpange mjomba huyo mapema. Hajawahi kupatikana mjomba aliyekataa kazi hiyo.

Pwani, kwenye nikaha, hakuna pombe, na huko Mtakatifu wa Siku za Mwisho anapumua. Keti ulipoelekezwa, vua viatu, nyamaza wakati wa hotuba ya ndoa na Fatiha. Kwa kawaida mashahidi wa nikaha ni Waislamu, kwa hiyo hutaombwa. Kisha itapita sinia ya halwa na vikombe vidogo vya kahawa chungu. Halwa chukua, hata mara mbili. Kikombe cha kahawa kipishe kwa mkono wa kulia na neno la shukrani.

Hatua ya nane: kama anayeolewa au kuoa ni wewe

Muumini anayefunga ndoa na Mkatoliki katika kanisa la Kikatoliki ajue mambo mawili mapema. Mwaka 2001 ofisi ya Vatican inayosimamia mafundisho ya imani ilitamka kwamba ubatizo wetu si halali kwao, na kwa sababu hiyo ndoa hiyo haihesabiwi kuwa ya Wakristo wa madhehebu mawili. Inahesabiwa kuwa ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa, na inahitaji ruhusa maalumu ya askofu wa jimbo ili iwe halali. Tusinung'unike, kwa kuwa sisi nasi humbatiza upya Mkatoliki anayejiunga nasi. La pili, mchumba Mkatoliki ataahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, nawe utaarifiwa juu ya ahadi hiyo. Zungumzeni habari hiyo kabla ya mahari. Nimeona wachumba wakiisikia kwa mara ya kwanza ofisini kwa paroko, kadi za harusi zikiwa zimeshachapwa.

Kanisa letu linaitambua ndoa yoyote halali kisheria, iwe ya kanisa jingine au ya bomani. Wale wanaotaka ndoa ya bomani Tanzania wakumbuke taarifa ya siku 21 inayotakiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kenya nayo, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, inataka siku 21. Kuunganishwa hekaluni kunahitaji wote wawili wawe waumini wenye kibali cha kuingia hekaluni, hivyo mwenzi asiye wa Kanisa hawezi kuingia kwa ajili hiyo.

Na hapo familia yako inageuka kuwa upande ule uliokuwa wewe. Zamani wachumba wa huku walifunga ndoa nyumbani kisha wakasafiri mpaka Johannesburg, ambako hekalu liliwekwa wakfu mwaka 1985, na ndugu hawakuona chochote kwa sababu ya umbali. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025, na sasa mama yako anaweza kufika mpaka getini, asiweze kuingia katika chumba cha kuunganishia kwa kuwa hana kibali. Tangu Mei 2019 wachumba waliofunga ndoa ya kiserikali hawalazimiki tena kusubiri mwaka mzima kabla ya kuunganishwa, kwa hiyo fungeni ndoa mbele ya familia yote, na vigelegele vyote na matarumbeta, kisha mwende hekaluni siku inayofuata au wiki inayofuata. Ndugu watakaowasindikiza huko waambieni mapema, kama wewe ulivyoomba kuambiwa: watakaa wapi, kwa muda gani, na kwamba mtakapotoka mtapiga nao picha bustanini. Wabebeeni chai kwenye chupa, ila inywewe nje ya uwanja wa hekalu, wao wakinywa nanyi mkiwamiminia.